Santuri za Baba, Sufuria la Mama

Niliingia Tanga na likizo ya siku 14, laptopu moja, bunda la CD tupu 50 na kiburi cha mtu aliyesoma maelekezo ya kazi kwa usiku mmoja. Nilitoka Tanga na macho mekundu, nikiwaacha nyuma mawifi wawili wasiopokeleana simu.

Baba yangu ni mstaafu wa bandari. Ana mali tatu: nyumba ya Ngamiani, baiskeli, na kabati la santuri. Nyumba wajukuu wanaichora ukutani na yeye anacheka. Baiskeli anaazimisha. Kabati lina kufuli, na ufunguo wake analala nao. Siku nilipofika alilifungua kwa heshima zote, nami nikahesabu kama karani wa mirathi: sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika: 112; sahani kubwa za 33: 26; na zile nzito za 78, urithi wa Bibi: 5. Jumla 143.

Kufuli lile lina historia yake. Tanzania ya ujana wa Baba haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Redio Tanzania ilirekodi bendi kwenye tepu kwa ajili ya kurusha hewani, lakini nyimbo za kuuzwa dukani zilichapwa Nairobi. Kwa hiyo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za hapahapa Tanga ambazo Baba alizicheza ukumbini kwa miguu yake mwenyewe, alizinunua zikiwa zimekwenda Kenya na kurudi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Miaka ile sahani ikivunjika ilikuwa imekwenda. Ndipo Baba aliponunua kufuli.

"Baba, nitazichoma zote kwenye CD," nikamwambia asubuhi baada ya chai.

Kikombe kikasimama njiani.

"Uchome nini?"

"Santuri. Nizichome, halafu..."

"Bi mkubwa! Njoo umsikie mwanao, kaja na moto."

Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba kuchoma CD hakutaki kiberiti. Hata baada ya kuelewa, aliomba tutumie neno jingine mle ndani. Tukakubaliana tuseme "kunakili".

Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu. Nilidhani kunakili santuri ni kama kunakili mafaili: unabonyeza, unakwenda kunywa maji, ukirudi imekwisha. Kumbe santuri haina njia ya mkato. Wimbo wa dakika nne unanakiliwa kwa dakika nne, na mtu lazima awepo wa kugeuza upande. Nikachukua kalamu. Sahani ndogo 112, pande mbili, kila upande pungufu kidogo ya dakika nne, kama saa 14. Kubwa 26, dakika 40 kila moja, saa 17 na ushei. Pamoja na zile za Bibi, saa 32. Nilikuwa nimemwahidi Baba siku mbili.

"Saa 32 si nyingi," akasema Baba. "Mimi nimezisikiliza miaka 40."

Kosa la pili lilikuwa la usafi. Nilikuwa nimesoma kwamba santuri huoshwa kwa maji yaliyochanganywa na spiriti kidogo kabla ya kunakiliwa, maana kila chembe ya vumbi hutoa mlio. Ni kweli, kwa sahani za plastiki. Sahani za 78 si plastiki. Ni shelaki, utomvu unaotolewa na vidudu kwenye miti ya India, uliochanganywa na unga wa mawe. Na shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Ndiyo maana mafundi samani huiloweka humo wakapakia viti ving'ae. Jirani yetu seremala aliyajua hayo. Mimi niliyesoma sikuyajua.

Nikachukua sahani ya Bibi yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Kampuni ya nembo ile ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad na wenzake Bombay mwaka 1928. Hii haikuwa ya Siti, namshukuru Mungu. Ilikuwa rumba ya Kuba, mojawapo ya zile za namba za GV zilizoingia Afrika kuanzia miaka ya 1930 na kuwafundisha vijana wetu kupiga gitaa kwa mtindo wake. Nilipitisha kitambaa, kikarudi cheusi. Nikajisemea, uchafu wa miaka huu. Nikapitisha tena, kikarudi cheusi zaidi. Mara ya tatu nilipoinua kitambaa, mifereji haikuwepo. Upande ule uling'aa kama kiatu cha askari wa gwaride.

Baba aliichukua, akaisogeza dirishani, akapitisha ukucha taratibu kuanzia ukingoni hadi katikati. Ukucha haukukwama popote.

"Upande wa pili upo?"

"Upo, Baba."

"Basi usiuguse."

Hakusema zaidi. Nilitamani angenigombeza.

Kwa aibu ile nikahamia kwenye sahani za plastiki, nikaziosha kwa maji na sabuni, nikazianika uani juu ya jamvi. Anayelijua jua la Tanga la saa sita hahitaji kuambiwa kilichofuata. Zilizokuwa kivulini zilisalimika. Sahani kubwa mbili zilizofikiwa na jua zilijikunja ukingo mithili ya chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Ukiziweka kwenye mashine, mkono wa sindano unapanda na kushuka kama ngalawa ya mvuvi.

Siku ya tatu tukawasha mashine. Nikaweka sahani ya Mbaraka Mwinshehe. Baba akafumba macho, akasikiliza mistari miwili, akayafumbua.

"Huyo nani?"

"Mbaraka, Baba."

"Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Hakufika hata miaka 35. Sauti hiyo ni ya mzee wa miaka 70. Mashine yako inavuta."

Nikambishia kwa sababu kompyuta haikuonyesha kasoro yoyote. Baba akachukua chaki, akatia alama kwenye karatasi ya katikati ya sahani, akavua saa ya mkononi na kuanza kuhesabu kila alama ilipopita. Dakika moja ilipotimia alikuwa amefika 42. Ilitakiwa 45. Mkanda wa mpira unaozungusha sahani ulikuwa umelegea, na sahani ikizunguka polepole, sauti nayo inazama.

Duka la mikanda ya gramafoni Tanga halipo. Fundi redio wa mtaa wa pili akatupa dawa ya kienyeji: ichemsheni. Mpira uliolegea ukichemshwa hujivuta kwa muda. Nikachukua sufuria dogo la maziwa, nikatia maji na mkanda, nikaweka jikoni. Mama akapita, akachungulia, akaona kitu cheusi kinaelea kama mnyoo.

"Sufuria zenyewe zimebaki hizi ndogo," akasema, "na hizi nazo mnachemshia mipira."

Neno "zimebaki" nililisikia likapita. Laiti ningelishika.

Mkanda ulirudi mzima, hesabu ya Baba ikagonga 45, na Mbaraka akarudia ujana wake. Zikaja sahani zenye tundu pana la katikati, ambazo kipachiko chake kilipotea zamani. Nikakata duara kwenye soli ya kandambili, nikalitoboa kati, likakaa sawasawa. Kandambili ilikuwa ya Baba, ya kushoto. Mpaka likizo inakwisha alikwenda msalani akichechemea.

Zikabaki nyaya, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, maana ndipo nyumba ilipoungua bila moto.

Sauti inayotoka kwenye sindano ni dhaifu, tena imepotoshwa kwa makusudi. Besi ina mawimbi mapana. Ingechongwa kama ilivyo, mfereji mmoja ungevamia wa jirani yake na sindano ingeruka. Kwa hiyo wachongaji hupunguza besi na kuzidisha sauti nyembamba, na tangu miaka ya 1950 makampuni yalikubaliana kipimo kimoja cha kufanya hivyo, ili amplifaya yoyote yenye tundu la gramafoni irudishe mambo mahali pake. Ukichomeka gramafoni moja kwa moja kwenye kompyuta utasikia bendi nzima ikipigwa na mbu. Hilo nilikuwa nimelisoma. Nikapitisha waya kwenye amplifaya ya Baba, na kutoka tundu la tepu la amplifaya nikavuta waya mwingine hadi kwenye laptopu.

Laptopu ilikuwa na tundu moja tu dogo, lile la kuchomekea spika za masikioni. Nikachomeka humo.

Tundu lile hutoa sauti. Halipokei. Laptopu, ilipoona hakuna kilichoingia, ikaendelea kutumia maikrofoni yake ndogo iliyojificha juu ya kioo. Spika za amplifaya zilikuwa zikipiga muziki sebuleni, maikrofoni ikausikia kama ungesikiwa na mgeni yeyote aliyeketi mle, na vijiti vya kijani kwenye programu vikapanda na kushuka kwa madaha. Nikasikiliza sekunde 10 za mwanzo: muziki upo. Nikaridhika. Nikatoa na tangazo kwa watu wa nyumbani:

"Ongeeni tu, msijibane. Waya hausikii maneno."

Wakaongea.

Laptopu ilikaa juu ya kigoda. Pembeni yake, kwenye mkeka, ndiko Mama anakokaa siku zote akichagua mchele, maana pana mwanga wa dirisha. Kwa siku tano nilikuwa nikigeuza sahani, Mama akipeta ungo, Baba akitangaza jina la mpiga solo kabla solo haijaingia. Umeme wa Luku uliisha mara moja katikati ya wimbo, tukarudia. Tulimaliza sahani ndogo zote na karibu nusu ya kubwa. Nikiri kwamba sijawahi kukaa na wazazi wangu saa nyingi kiasi kile tangu nilipokwenda bweni. Huwezi kuondoka: kila dakika nne kuna kugeuza.

Siku ya saba Shangazi akapiga simu kutoka Pangani. Jumamosi anamwoza mjukuu, na amesikia kwamba nanakili santuri za kaka yake. Hataki taarabu za siku hizi. Anataka zile za Tanga za zamani, Lucky Star na Black Star, akina mama wakumbuke walivyokuwa. Nikachagua nyimbo 15, nikachoma CD mbili, nikaziandika kwa kalamu ya wino mzito, nikampa konda wa basi la Pangani. Shangazi akanitumia hela ya soda kwenye simu. Mambo safi.

Jumamosi tukaenda wote. Wanaume tulikaa nje chini ya turubai, wanawake ndani ya ua uliozungushiwa makuti, na kati yetu na wao spika mbili za kukodi zenye kimo cha mtoto wa darasa la nne. Nyuma ya nyumba palikuwa na mafiga matatu, na juu yake sufuria kubwa la pilau, la kilo 15 za mchele, likitoa mvuke. Nililiona. Niliiona hata alama ya rangi nyekundu karibu na mkono wake. Sikuitilia maanani, kila sufuria la kuazimana lina alama.

CD ikawekwa. Vyombo vikaingia, vigelegele vikajibu. Wimbo wa kwanza ulipita salama. Wa pili ukaanza, sauti ya mwimbaji ikapanda, ikatulia kupisha vyombo, na katika utulivu ule ikatoka sauti nyingine, karibu zaidi, kavu, isiyo na haraka, pamoja na mchakacho wa mchele kwenye ungo:

"Sufuria langu la pilau, lile kubwa, wifi kaliazima arobaini ya baba yao. Huu mwaka wa tisa. Ukimuuliza, lipo wifi, lipo. Lipo kama nini, kaburi?"

Wanaume chini ya turubai tukatazamana. Ndani ya ua ukatokea ukimya wa nukta moja, kisha ukapasuka ukelele ambao sijausikia tena kwenye harusi yoyote.

Maana taarabu ni mafumbo. Mwanamke wa Pwani anasikiliza kwa sikio moja wimbo na kwa sikio la pili kesi yake mwenyewe, na mstari ukimgusa anainuka kutunza ili anayehusika ajue kwamba amehusika. Wageni walidhani hiyo ni staili mpya: taarabu ya zamani imeongezwa mpasho wa kusema. Mama mmoja, ambaye bila shaka naye ana sufuria lake mahali, aliinuka na noti ya shilingi elfu juu, akasogea kwa mwendo wa mapozi, akatafuta mwimbaji wa kumtunza, hakumwona, akaibandika noti kwenye spika.

Huenda mambo yangeishia hapo, kama fumbo lisilo na mwenyewe. Lakini CD haikuwa na huruma. Ikafuata sauti yangu, yenye kucheka:

"Mama, si umsamehe tu Shangazi?"

"Nimsamehe, alirudishe kwanza."

Na jogoo wa jirani akawika, kama anayegonga muhuri.

Niliyosikia baadaye kuhusu mle ndani ni haya. Shangazi alikuwa ameshika sinia la udi. Aliliweka chini. Akajitazama, akatazama kuelekea nyuma ya nyumba kunakotoka mvuke, akamtazama Mama.

"Wifi, umekuja kuniimba kwangu."

"Wifi, Mungu shahidi, mimi nilikuwa nachagua mchele."

Pilau tulikula. Ilikuwa nzuri mno; sufuria lile lina kitako kizito, haliunguzi. Lakini nani angethubutu kulisifu? Katika gari la kurudi Tanga, mwendo wa kilomita hamsini hivi, Mama alitazama dirisha la kushoto na Baba la kulia. Nilikaa katikati nikiwa nimepakata laptopu.

Usiku ule nikavaa spika za masikioni na kusikiliza kazi ya siku tano. Kila sahani ilikuwa na nyumba yetu ndani yake. Pembe ya muuza samaki ilikuwa ndani ya Jamhuri Jazz. Adhana ya alasiri iliingia katikati ya Morogoro Jazz, na Baba akasikika akisema "subiri kwanza", kana kwamba bendi ingemsikia. Kulikuwa na mlango, kikohozi, mtoto wa jirani akiomba chumvi, na Mama akitoa hukumu zake juu ya bei ya mkaa, mume wa mtu fulani, na idadi ya miaka ambayo vyombo vyake vimekuwa ugenini.

Nilikuwa na siku nne. Asubuhi nikatafuta mjini kile kidude cha kuchomeka kwenye USB chenye tundu la kuingizia sauti. Nikachomeka, nikafungua mipangilio ya programu, nikachagua kifaa kile kwa jina, na kwa mara ya kwanza nikafanya jaribio ambalo lingetuepusha na yote: nikagonga kioo cha laptopu kwa ukucha. Vijiti vya kijani havikutikisika. Safari hii kweli waya haukusikia maneno.

Hakuna aliyeniamini. Kwa siku nne, saa nane kila siku, Mama alizungumza kwa ishara. Akitaka chumvi alionyesha chumvi. Baba alitangaza wapiga solo kwa kuinua vidole. Wageni walisimamishwa mlangoni kwa kiganja. Nyumba yetu haikuwahi kuwa tulivu vile hata siku za msiba.

Zile za Bibi nilizipiga kwa ujanja, kwa kuwa mashine haina mwendo wa 78 na mfereji wa sahani zile ni mpana mara tatu na zaidi kuliko sindano ya sasa inavyotaka. Nikatafuta sindano ya mashine kongwe kwa fundi redio, nikazinakili kwa mwendo wa 45, kisha nikaiamuru programu iharakishe. Kabla ya kuharakishwa, mwimbaji alisikika kama jini anayetafuta usingizi. Baada yake, akawa mtu. Baba alisikiliza upande uliobaki wa ile rumba mara mbili mfululizo, akaniambia, "Bibi yako aliupenda ule mwingine." Basi.

Ukaja mjadala wa nyimbo zilizokatwa. Sahani ndogo upande mmoja hubeba dakika nne hivi, na bendi zetu hazikuwahi kujua wimbo wa dakika nne. Kwa hiyo wimbo mmoja uligawanywa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yanafyatuka na watu wanaingia uwanjani. Kwenye kompyuta nilifuta pengo na kuunganisha pande mbili, mshono usionekane. Niliona fahari. Nikamwekea Baba.

Akasikiliza vizuri. Ulipofika mahali ambapo upande wa kwanza huisha, akainuka kitini, akapiga hatua mbili kuelekea kwenye mashine, akanyoosha mkono. Magitaa yakaingia kabla hajafika. Akabaki amesimama katikati ya sebule, mkono hewani, amevaa kandambili moja.

"Rudisha," akasema.

"Nirudishe nini, Baba?"

"Nafasi yangu ya kugeuza."

Nikaweka ukimya wa sekunde nane katika kila wimbo uliokatwa. Ndizo hatua mbili, kugeuza, na kuweka sindano. Nilipima.

Dakika moja ya sauti ya kiwango cha CD hula megabaiti 10 hivi, na CD moja hubeba dakika 80. Saa 32 zikaingia kwenye CD 24, na nakala nyingine kwenye diski ya nje. Baba akaziweka kabatini pamoja na santuri, akafunga kufuli.

Siku ya 14, nikiwa nafunga begi, basi la Pangani likasimama barabarani na konda akateremsha kutoka juu ya paa sufuria la kilo 15, limesuguliwa mpaka linatisha. Ndani yake kulikuwa na doti ya kanga na kifuko cha halua. Hakuna barua. Mama akaifungua kanga, akatafuta maandishi: "Wema hauozi."

Akaisoma. Akaisoma tena. Akaikunja, akaikunjua.

"Anashukuru," Baba akasema.

"Au ananisimanga," Mama akasema. "Wema wa nani? Wangu wa kumwazima, au wake wa kurudisha?"

Nasikia alikaa na swali hilo siku tatu. Siku ya nne Shangazi akapiga simu mwenyewe. Hakutaja sufuria. Alisema CD imemletea usumbufu: kila mwanamke aliyehudhuria harusi anamwuliza ule wimbo wa sufuria ni wa kikundi gani na utapatikana wapi. Akaomba nakala nyingine. Nilipomtumia ile safi, isiyo na mchele wala jogoo, aliirudisha kwa konda yuleyule. Akasema hiyo si yenyewe. Mama aliposikia hivyo alicheka hadi akakaa chini, na mawifi wakaanza tena kusalimiana.

Miaka imepita. Mwaka jana nilizijaribu CD zile 24 moja baada ya nyingine: zilizosoma ni 9. CD ya kuchoma nyumbani hutegemea rangi iliyopakwa ndani yake, na joto la Pwani limeififisha. Diski ya nje ilianguka mara moja na kunyamaza. Kilichotuokoa ni nakala ya tatu niliyokuwa nimeiacha Dar. Santuri, ukiacha zile mbili za chapati na ule upande wa Bibi, zinapiga zote.

Kwa hiyo, wewe mwenye kabati la mzee nyumbani, nakili leo, maana masikio ya anayejua mwendo sahihi hayatakuwepo milele. Weka nakala mahali patatu. Spiriti isikaribie sahani za 78, na jua lisikaribie sahani yoyote. Kabla ya kubonyeza kile kitufe chekundu, gonga laptopu kwa ukucha, na vijiti vikiruka, jua kwamba mashine inaisikiliza nyumba.

Na kama hapo kwako kuna sufuria la mtu, lirudishe.